Punje Nyeusi Zinazotoka Mguuni

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ni mchungaji huku Turkana. Miaka mingi iliyopita alichomwa na mwiba unyayoni, na sasa mguu umevimba na una vitundu vinavyotoa usaha wenye punje nyeusi, ingawa mwenyewe anasema haumuumi. Zahanati moja ilisema ni bakteria, nyingine ikasema ni kuvu, na jirani anashikilia kuwa ni matende. Tumwamini nani? – Msomaji, Lodwar

JIBU: Marahaba. Uvimbe usiouma, vitundu vya usaha na punje vikikutana, ugonjwa wa kushukiwa kwanza ni maisetoma. Matende hayatoi punje. Zahanati zile mbili siwezi kuzilaumu sana, kwa kuwa ugonjwa huu una sura moja na asili mbili: upo unaoletwa na kuvu, upo unaoletwa na bakteria, na yote miwili huingia kupitia jeraha dogo kama hilo la mwiba. Tiba zake, hata hivyo, hazifanani, na anayeanza dawa kwa kubahatisha huupa ugonjwa nafasi ya kufika mfupani.

Punje nyeusi huelekeza kwenye kuvu, hasa Madurella mycetomatis, aliyeenea sana Sudan. Nyekundu na za njano kwa kawaida ni za bakteria, ilhali nyeupe zaweza kuwa za upande wowote. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Hospitali ichukue kipande cha nyama kutoka ndani ya uvimbe kikapimwe maabara, na mguu upigwe eksirei.

Ikithibitika ni bakteria, hutumika kotrimoksazoli, mara nyingi pamoja na sindano za amikasini, na wengi hupona bila upasuaji. Kuvu ni wakaidi zaidi: mgonjwa humeza itrakonazoli kila siku kwa mwaka mzima au zaidi, ini likipimwa mara kwa mara, na uvimbe huondolewa kwa upasuaji. Dawa hiyo ni ghali, nami naona ni aibu kwamba Shirika la Afya Duniani liliuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016 tu. Huko Sudan imejaribiwa fosravukonazoli, ambayo humezwa mara moja kwa wiki.

Kaka yako hawezi kuwaambukiza, basi msimtenge. Asikubali kuchanjwa chale wala kuchomwa moto kienyeji, na akishauriwa kukatwa mguu, aulize kwanza majibu ya maabara yamesemaje.