Kisu cha oda kimefika na kasoro, waranti inakulinda mpaka wapi?

Zimeingia barua tatu za visu vya kukunja, vile vya kuagiza kwa oda yako mwenyewe, nimeona nizijibu pamoja maana zinagusana. Ya kwanza nimeikalia muda mrefu zaidi.

SWALI: Habari ya kazi kaka. Mi ni mwongozaji wa kupandisha wageni Meru na Kilimanjaro, nipo Arusha. Nilijibana nikaagiza kisu cha kukunja Marekani, sio kile cha dukani, unachagua mwenyewe rangi ya mpini, aina ya stili, klipu ikae upande gani, na jina wanakuchongea kwa leza. Nimesubiri wiki 9. Kimefika kinacheza, nikikifungua bapa linatikisika kulia kushoto, halafu kikiwa kimefungwa bapa limelalia upande mmoja karibu liguse ukuta wa ndani. Na jina sasa, ukoo wetu unaanza na Ng' wao wamechonga Ng tupu bila ile alama juu, kwetu hilo ni jina la watu wengine kabisa. Nimewaandikia, jibu lao ni kwamba vitu vya oda maalumu havirudishwi. Jamaa yangu ananiambia nikifungue tu nikikaze mwenyewe. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, wiki 9 za kusubiri halafu unapokea kitu cha hivo inauma. Kabla ya yote, mwambie huyo jamaa yako asubiri, usikifungue. Nitakwambia kwa nini.

Hilo jibu walilokupa lisome tena taratibu. Wamesema hakirudishwi, hawajasema hakitengenezwi. Hapo ndo watu wengi wanakata tamaa bure. Kurudisha ni pale umebadili mawazo, rangi hujaipenda, umeona kingine, na kwa kitu kilichochongwa jina lako muuzaji ana haki ya kukataa maana hawezi kumuuzia mtu mwingine. Waranti ni habari nyingine, hiyo inahusu kasoro ya kiwandani, na kasoro haibadiliki kuwa sio kasoro eti kwa sababu kisu kina jina lako. Kule Marekani kuna sheria ya waranti ya mwaka 1975, inaitwa Magnuson-Moss, bidhaa ya matumizi ya nyumbani ikija na waranti ya maandishi lazima iseme kama ni kamili au ina mipaka. Za visu nyingi ni za maisha lakini zenye mipaka, kwa hiyo tafuta ile karatasi iliyokuja kwenye boksi au ukurasa wake kwenye tovuti yao, usome mipaka yenyewe, hasa kama inamhusu mnunuzi wa kwanza tu na nani analipa usafiri.

Sasa tutenganishe malalamiko yako maana hayana uzito sawa.

Kucheza kwanza. Fungua kisu mpaka loki, ile kufuli inayozuia bapa lisijifunge, ishike, shika mpini kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine bana bapa kwa vidole viwili upande wa mgongo, sio wa makali, sukuma kulia kushoto polepole. Ukisikia tik ndogo kwenye ile skrubu kubwa ambayo bapa linazungukia, huko ni kulegea kwa pembeni, na mara nyingi ni skrubu tu haijakazwa sawasawa, robo ya robo ya mzunguko inatosha. Halafu sukuma juu chini, kama vile unataka kukifunga bila kuachia loki. Hii ndo ya kuogopa. Kama inacheza juu chini maana yake loki haikai vizuri kwenye kisigino cha bapa, na hilo huwezi kulitibu kwa kukaza skrubu yoyote, ni kazi ya kiwanda. Kisu chenye loki ya hivo siku moja kitajifunga juu ya vidole vyako, na we upo mlimani na mgeni, kituo cha afya kipo mbali. Ukiona inacheza juu chini kiweke pembeni usikitumie hata kukatia kamba.

Usije ukakipiga mgongo kwenye meza kupima loki kama wanavyofanya vijana kwenye video. Unaharibu sehemu ya loki na wakikiona wana haki ya kusema umekitesa mwenyewe.

Kulalia upande, nikuambie ukweli, kampuni nyingi hawaihesabu kuwa kasoro mpaka bapa liguse. Kishike kikiwa kimefungwa, kielekeze kwenye dirisha, tazama nafasi mbili za mwanga kila upande wa bapa. Kama upande mmoja hakuna mwanga kabisa au ukilikunjua bapa unaona mkwaruzo, hapo una hoja. Kama mwanga upo japo mwembamba, itaje kwenye barua yako ila usiifanye ndo hoja kuu.

Kwa nini nimesema usikifungue. Mi mwenyewe miaka ya nyuma nilikuwa na kisu cha oda, kilikuwa kigumu kufunguka, nikachukua bisibisi ya nyota nikaanza. Skrubu za visu hivi ni ndogo, saizi T6, T8, na nyingi zinapakwa gundi zisilegee, ukilazimisha bila kupasha moto kidogo kichwa kinaliwa. Moja ililiwa. Nyingine ikatoka, mpini ukaachia, gololi za beringi zikamwagika sakafuni, nikaokota zote isipokuwa mbili. Nilipowapelekea wenyewe wakaniandikia vizuri tu kwamba ule ugumu wa mwanzo wangetengeneza bure, ila skrubu na gololi ni juu yangu, nikalipa. Kampuni nyingine ukifungua tu waranti nzima imekufa. Wapo wanaoruhusu, Chris Reeve kwa mfano, huyu alitoka Afrika Kusini akahamia Marekani mwaka 1989, kisu chake maarufu kinaitwa Sebenza, ni Kizulu, maana yake kufanya kazi, na kile kimeundwa mwenye nacho akifungue asafishe afunge tena. Lakini hicho ni kile, chako angalia karatasi yako inasemaje.

Haya, jina. Hapa ndo pagumu na ndo najua panakuuma kuliko hayo mengine. Fungua ile imeili ya kuthibitisha oda, tazama jina limeandikwaje pale. Kama lina alama na kwenye chuma haipo, kosa ni lao, wanatakiwa kubadili bapa au kipande cha mpini kilichochongwa. Kama hata kwenye imeili alama haipo, basi fomu yao iliimeza, fomu nyingi za kizungu hazipokei kile kialama, na wao watasema walichonga ulichokubali. Hata hapo usinyamaze. Waeleze kwamba ng' na ng kwenye lugha yetu ni sauti mbili tofauti, kama mtu aandikiwe herufi nyingine kabisa, na waombe wakuchongee bapa jipya hata kwa bei ya bapa tu. Nimeona watu wakikubaliwa kwa kueleza hivo kwa adabu. Na mtu mwingine anayesoma hapa ambaye jina lake lina alama, kabla hujalipa andika jina kwa mkono kwenye karatasi, piga picha, watumie, waombe wakurudishie mchoro wa leza uuone kwa macho yako.

Barua yako iwe fupi. Namba ya oda, tarehe kilipofika, kasoro moja moja, na video ya sekunde 20 inayoonyesha ile tik, simu ikae karibu na mkono usitikise. Sema hujakifungua. Usiandike matusi, anayesoma ni mtu wa kasitama kea, sio aliyekosea.

Wakikubali kukipokea, usiwe na haraka ya kukituma. Waulize nani analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, maana kwetu huku nauli ya kurudisha inaweza kukaribia nusu ya bei ya kisu, na kama ni skrubu au klipu tu waombe wakutumie kipande. Kwenye fomu ya forodha andika ni bidhaa inayokwenda kutengenezwa na itarudi kwa mwenyewe, ambatisha risiti ya mwanzo na picha ya namba ya kisu kama kinayo, ili kikirudi usije ukatozwa ushuru kama vile umenunua kipya. Wakikuzungusha na ulilipa kwa kadi, benki yako ina utaratibu wa kupinga malipo, kwa kawaida ni ndani ya kama siku 120, kwa hiyo usikubali kuambiwa subiri subiri mpaka zipite.

SWALI: Mimi niko Mombasa, kazi yangu ni ya boti. Kisu changu cha oda nilichagua stili ya D2 kwa sababu niliambiwa inakaa na makali. Wiki tatu tu kimetoka vidoa vya kutu. Waranti itanilipa?

JIBU: Hapana bwana, hiyo hawatakulipa, na sio kwamba wamekuibia. D2 ina kromiamu kama asilimia 12, ukisikia hivo unadhani haishiki kutu, ila sehemu kubwa ya hiyo kromiamu inakuwa imeshikamana na kaboni ndani ya chuma, inayobaki kulinda uso ni kidogo. Bara itavumilia, kwenye chumvi ya bahari haivumilii. Vidoa visugue kwa kitambaa chenye mafuta, na kila jioni kioshe kwa maji baridi ya bomba, kikauke mpaka ndani ya mpini, paka mafuta kidogo. Siku nyingine ukiagiza na kazi ni ya boti, tazama stili kama H1, LC200N au MagnaCut iliyotoka mwaka 2021. H1 ina kaboni kidogo sana na imeongezwa naitrojeni, watu wa baharini wanaipenda kwa hilo ingawa makali yake yanataka kunolewa mara kwa mara.

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Leicester, Uingereza. Baba yangu ana miche ya machungwa Muheza, nikamwagizia kisu cha kukunja cha kubebeshea miche, yaani kuunganisha mche mmoja juu ya mwingine, kina jina lake kwenye mpini wa mti. Kimefika siku 24 zilizopita. Rangi ya mti sio ile ya kwenye picha, na loki kuna mara inashika kuna mara haishiki. Duka linasema kimeandikwa jina kwa hiyo basi. Nasafiri mwezi ujao.

JIBU: Marahaba dada yangu. Suala la rangi liache, mti hautoki sawa na picha hata siku moja, na ile haki ya kughairi ndani ya siku 14 kwa vitu vya mtandaoni haigusi vitu vilivyotengenezwa kwa jina la mtu. Loki ni kitu kingine kabisa. Huko uliko kuna sheria ya haki za mnunuzi ya mwaka 2015, kitu kikiwa kibovu una siku 30 za kukikataa ukarudishiwa hela yako yote, na jina kwenye mpini haliondoi hiyo haki. Zikipita 30 bado unaweza kudai watengeneze au wabadilishe, na ndani ya miezi 6 ya mwanzo ni wao wa kuthibitisha kwamba kilikuwa kizima, ila hapo wataanza wao kujaribu kutengeneza na we una safari.

Baba anabebesha miche siku nzima, kidole gumba kipo nyuma ya bapa muda wote, usimpelekee kisu ambacho loki yake ni ya kubahatisha. Kikipatikana kingine kiweke kwenye begi la kupakia chini ya ndege, sio la mkononi, na huko Uingereza usitembee nacho mtaani maana kisu cha loki hakimo kwenye vile vidogo vinavyoruhusiwa bila sababu. Kwa hesabu yako zimebaki siku 6. Andika imeili usiku huu, taja neno loki kwenye mstari wa kwanza, sema unakikataa na unataka hela yako.