Makubadhi yetu na soko la Ulaya: jibu langu kwa aliyeuliza

Mwenzetu ameuliza: ikiwa champali za Kolhapur, ndara za ngozi za India, zimepanda jukwaani kwenye maonyesho ya mitindo Milan, je, makubadhi ya Unguja, ndara zetu za ngozi, nayo yatakuja kuvaliwa Ulaya, na fundi wa mtaa wa Mchangani atapata nini? Mimi nimekulia kwenye kibanda cha ami yangu, nikishika msharasi wa kutobolea ngozi kabla sijajua kutia gidamu, ule ukanda wa kidoleni, na mpaka leo nauza makubadhi. Nitasema ninayoyajua.

Kuvaliwa, yatavaliwa. Mgeni anaingia soko la Darajani na raba za bei kubwa, anatoka na makubadhi mguuni. Suala ni nani atakula.

Hebu tazameni vizuri hiyo kesi ya Wahindi. Juni 2025 Prada, kampuni ya mitindo ya Italia, walionyesha Milan viatu ambavyo Mhindi yeyote angevitambua kwa mbali, lakini maelezo yao yalisema ni ndara za ngozi, basi. India haikutajwa. Watu wakaja juu, Prada wakakiri asili yake, na kabla ya mwaka kwisha wakakubaliana na mashirika mawili ya serikali za Maharashtra na Karnataka watengeneze jozi 2,000 hukohuko India, kila jozi karibu yuro 800. Wengi wanadhani ni kelele za mitandaoni tu zilizofanya kazi. Zilisaidia. Lakini Wahindi walikuwa na karatasi: tangu 2019 jina la Kolhapuri limesajiliwa kisheria kuwa ni la wilaya kadhaa za majimbo hayo mawili. Prada hawakulitumia jina lenyewe, ila siku ya kutafuta suluhu ilijulikana nani wa kuzungumza naye.

Kwetu, mgeni akitaka kuzungumza na wenye makubadhi, atamwendea nani? Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani, ya 2008, tofauti na ya bara, na ulinzi wa majina ya mahali bidhaa zinakotoka umo ndani yake. Kinachokosekana ni waombaji. Sisi mafundi kila mtu na kibanda chake, na ukimtajia jirani habari ya ushirika anaona unataka kumchungulia wateja. Halafu lipo jingine: makubadhi yanashonwa Lamu na Mombasa pia. Tukidai kwamba ni yetu peke yetu, ndugu zetu watatucheka, na haki watakuwa nayo. Cha kudai ni mshono na mapambo ya Unguja.

Njia ya pili ni ya Wabrazili, nami naipenda zaidi. Havaianas zilianza 1962, ndara za mpira zilizoigwa kwa zori, ndara za Kijapani za mabua ya mpunga; ndiyo maana unyayo wake una vipunje kama vya mchele. Zilikuwa viatu vya vibarua. Watu wenyewe wakaanza kugeuza soli, upande wa rangi ukae juu, ndara nzima iwe rangi moja. Kiwanda kikaona, na mwaka 1994 kikatoa za rangi moja. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Dunia, kikabandika kibendera kidogo cha Brazili kwenye ukanda. Waliowafuata ni Wazungu, baada ya Wabrazili wenye pesa kuona fahari kuzivaa.

Sasa jiulize, kijana wa Michenzani anavaa kubadhi lini? Ijumaa, Iddi na harusini, tena akishavua kanzu anarudia raba. Tungeanza na huyo.

Na kabla ya kuota Paris, tutengeneze viatu kwa namba. Fundi wetu anachora mguu wa mteja kwenye boksi, anakata, anamaliza. Kwa mteja aliyekaa mbele yako hakuna kilicho bora kuliko hicho. Lakini mtu aliyeko Berlin akiagiza namba 41, fundi huyu atampa moja na yule atampa nyingine, na kiatu kikirudi, gharama ya posta imeshakula faida yote. Rangi nayo: ngozi isiyokamatwa rangi vizuri, mvua moja tu inaacha nyayo za mteja kama zimetiwa hina. Wateja wameniletea malalamiko hayo mara nyingi kuliko ya bei.

Kwa hiyo ndugu yangu, ikiwa una mtaji kidogo, usiutie kwenye picha za Instagram kwanza. Nunua kalibu za miguu za namba kamili, 36 mpaka 45, mzitumie kwa pamoja mafundi watatu au wanne mnaoaminiana, na mteja akirudi mara ya pili apate kiatu kilekile.