Dada, futa hiyo aya ya klabu. Mimi niliongeza chumvi nikatoka majini nikiwa mwizi

Futa. Kabla hujasoma mstari unaofuata, fungua simu uifute.

Nimesoma swali lako mara mbili nikiwa kwenye foleni ya matatu na siwezi kukuacha hivi hivi. Unabatizwa Jumapili ya wiki ijayo. Umelelewa na shangazi yako huko mtaa wa Pipeline, Nairobi, umeimba kwaya tangu darasa la nne, na mwalimu wa darasa la ubatizo amekwambia ushuhuda wako "hauna nguvu". Rafiki yako naye, kwa wema wake wote, amekuandikia aya nzima ya jinsi ulivyokuwa mlevi wa kukesha klabu hadi Yesu akakutoa. Sasa unatuuliza kama huko ni kudanganya au ni kupamba tu. Umeuliza pia habari ya nguo, habari ya kuogopa maji, na kama ule ubatizo wa utotoni kule kwa Wakatoliki unatosha. Nitayafikia foleni ikiniruhusu. Kwanza hili la klabu, maana hili mimi nimelisomea hadi nikahitimu.

Mwaka wa 2017 nilikuwa na miaka 24. Nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, naishi na mama yangu Kayole, na kosa langu kubwa lililojulikana na majirani lilikuwa kuazima jembe na kulirudisha limechelewa. Baba alipofariki niliacha kuomba. Sikuacha kwa hasira, niliacha kwa kuchoka. Kanisani niliendelea kwenda kwa sababu mama alikuwa akiniangalia.

Ushuhuda wangu wa kweli ni huu, na usome polepole kwa sababu ndio nilioutupa. Jioni moja naosha sufuria ya ugali. Chumba chetu kiligawanywa kwa pazia, mama yuko upande wa pili, anadhani nimetoka. Nikamsikia anaomba. Aliombea wajomba, akaombea mguu wake, kisha akataja jina langu, lile la nyumbani, akasema, "Bwana, huyu bado." Basi. Akaendelea na mengine, kama mtu anayesoma orodha ya dukani ambayo ameizoea. Nikabaki nimesimama na sufuria mkononi, maji yananidondokea kwenye ndala. Sikulia. Nilihesabu tu miaka tangu baba azikwe, nikajua "bado" hiyo imesemwa kila jioni ya miaka yote hiyo. Wiki ile ile nikaenda kwa mchungaji.

Ndiyo hiyo tu. Najua. Haina polisi.

Darasa letu lilikuwa la Jumamosi sita. Mwalimu wetu simtaji. Mungu anamjua, na inatosha. Jumamosi ya tano alichora shimo ubaoni. Kushoto ya shimo aliandika "zamani", kulia akachora mshale unaopanda mpaka ukatoka nje ya ubao. Akatupitia mmoja mmoja: "Shimo lako liko wapi?" Binti mmoja alitaja mimba ya shuleni, mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha kama fundi aliyepata mbao nzuri. Nilipofikiwa nikaeleza ya sufuria na pazia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndugu, hiyo ni habari ya mama yako. Shimo lako wewe liko wapi?" Nikasema sina. "Kila mtu ana shimo. Nenda ukalitafute."

Nikaenda nikachimba.

Na niseme jambo moja kuhusu walimu wa aina hii, halafu nitatulia. Mtu amepewa kundi la watu wanaoogopa maji na kuogopa maiki, wanaomwamini kwa kila neno, kazi yake ni kuwafundisha maana ya kuzikwa na kufufuka pamoja na Kristo, ile ya Warumi sura ya 6. Yeye anageuka mtayarishaji wa tamthilia. Anataka watu walie Jumapili. Wakilia anasema Roho ametenda. Kama ni kulia tu, si atukatie vitunguu pale mlangoni? Haya, nimetulia.

Ilikuwa tarehe 9 Julai, na Julai ya Nairobi unaijua. Tulibatizwa kwenye bwawa la kuogelea la shule moja ambalo kanisa lilikodi, na maji yale yalikuwa na ubaridi wa kukatisha imani. Ulikuwa pia mwezi wa kampeni za uchaguzi. Kila nguzo ya stima ilikuwa na sura ya mgombea, kila kona gari lenye vipaza sauti. Mji mzima ulikuwa ukidanganya kwa sauti kubwa, nami nikapewa maiki nikajiunga.

Nilisema nilikuwa nikinyakua simu kwenye madirisha ya matatu Barabara ya Jogoo. Nikasema nilikuwa navuta bangi na kundi langu. Kundi! Mimi, ambaye kundi pekee nililowahi kuwamo ni sauti ya tatu ya kwaya. Watu wakaanza kusema "Asante Yesu", nikaona inafanya kazi, nikaongeza usiku mmoja wa kukimbizwa na watu wenye mawe. Usiku huo ulinijia palepale, sikuwa hata nimeuandika. Kuna kijana alikuwa anarekodi kwa simu. Nilimwona, na nikageuza uso kidogo ili anipate vizuri. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo kuliko hata maneno yenyewe.

Mama alikuwa safu ya tatu, amejifunga leso mpya. Nilipotoka majini akanifunika taulo bila kuniangalia. Nyumbani alichemsha chai, akanimiminia, akaketi, ndipo akasema: "Umenifanya mama wa mwizi mbele ya watu." Nikamwambia mama, ni ushuhuda tu. Akaniuliza, "Unajua mwizi hufanywa nini hapa mtaani?" Dada, mimi nimekulia Kayole. Najua.

Video ikaingia kwenye vikundi vya WhatsApp. Kufikia Jumatano mwenye duka alikuwa ameiona. Hakunifukuza, alikuwa mtu mpole. Alihesabu pesa za droo mara mbili mbele yangu, kisha akaniomba niende nyuma nikasaidie kupakia mifuko ya simiti. Kilo 50 kila mmoja. Mpaka leo mgongo wangu unatoa ushuhuda wake wenyewe, na huo ni wa kweli.

Jumapili iliyofuata baba mmoja wa makamo akanishika mkono baada ya ibada, akanivuta kando. Akasema simu yake ilinyakuliwa dirishani kwenye matatu Barabara ya Jogoo mwaka uliotangulia, kwamba ilikuwa na picha za mwisho za mkewe kabla hajafariki, kwamba amekuwa na kinyongo mpaka juzi aliponisikia. "Sikuulizi kama ni wewe," akasema. "Ila nimekusamehe." Alikuwa analia.

Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Asante, baba."

Nilipokea msamaha wa simu ambayo sikuiiba, kwa niaba ya mwizi nisiyemjua, kwa sababu kumwambia ukweli pale kungeniaibisha. Wale Anania na Safira wa Matendo sura ya 5 walidanganya kuhusu bei ya shamba tu na wakatolewa kwa miguu mbele. Mimi nilitoka nje ya lango nikala mandazi. Neema ipo.

Bado hujafika kwenye lililo baya zaidi. Wiki hiyo hiyo kijana wa miaka kama 18 hivi alinifuata dukani, nyuma kwenye simiti. Yeye alikuwa mnyakuzi wa kweli. Ameona video. Alitaka kuacha, na alikuwa na swali moja tu: "Wale ulikuwa nao, uliwaambia nini?" Alikuwa ameweka mikono mfukoni na haiachi kucheza humo ndani. Huyo ndiye mtu ambaye ushuhuda unatolewa kwa ajili yake, dada. Alikuja mpaka mlangoni kutafuta mtu aliyepita njia hiyo, akakuta mimi. Nami badala ya kumwambia "ndugu yangu, nilidanganya, twende kwa mchungaji sasa hivi", nikamwambia: waambie wazi tu kwamba umeokoka, watakuheshimu. Niliitoa wapi hiyo? Hewani. Nilikuwa nimesimama juu ya uongo na nilihitaji ngazi ya pili.

Alirudi baada ya siku nne, jicho moja limefumba lote na mdomo umeshonwa. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Wewe hawakukupiga?"

Hapo ndipo nilipomwambia. Akaniangalia kwa lile jicho moja, akacheka kidogo kama mtu aliyelipishwa nauli mara mbili, akaenda zake. Sikumwona tena kanisani. Sijamwona tena popote.

Nilikwenda kwa mchungaji usiku huohuo. Alinyamaza sana. Hakuwa akijua habari ya shimo la ubaoni, na alikasirika, ingawa si kwangu tu. Akanipa nafasi ya kusimama tena tarehe 6 Agosti. Sasa hesabu: uchaguzi ulikuwa Jumanne tarehe 8, nusu ya kanisa ilikuwa imesafiri ushago kupiga kura. Nikasimama mbele ya viti vitupu nikasema sikuwahi kuiba simu, nikasimulia ya sufuria. Dakika mbili. Yule baba wa makamo hakuwapo, ilinibidi nimfuate kwake baadaye, na hiyo nakuomba uniruhusu nisiisimulie. Na yule kijana wa kurekodi? Siku hiyo simu yake haikuwa na chaji. Uongo wangu bado unazunguka mitandaoni, ukweli wangu ulisikiwa na wamama 40 na mpiga kinanda.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, nami nitaisema mpaka unichoke: ushuhuda wako msomee mtu aliyekuwepo. Usimsomee mwalimu wala rafiki mwenye kalamu tamu. Msomee aliyekuwa anaishi na wewe wakati mambo hayo yanatokea. Wewe una shangazi. Keti naye leo jioni, msomee chote, na umwangalie usoni. Akikunja uso mahali, hapo futa. Ungewezaje kumsomea ile ya klabu? Hungefika mstari wa pili, angekuuliza hiyo klabu ulikuwa unaingia saa ngapi na funguo za nyumba anazo yeye.

Hili silitoi kichwani mwangu. Angalia Paulo. Mtu huyu alikuwa na shimo hasa, alikuwa akikamata watu, na bado anaposimulia mbele ya umati Yerusalemu, Matendo 22, anasema kuhani mkuu na wazee wote ni mashahidi wake. Mbele ya mfalme Agripa, sura ya 26, anasema Wayahudi wote wanayajua maisha yake tangu ujana. Yaani: waulizeni. Na hata bibi zetu wa ushirika, wale wa uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, walisimama mbele ya majirani zao wenyewe, watu wanaojua mbuzi wa nani alipotea lini. Ukisema uliiba, unarudisha. Ingekuwa enzi zao ningedaiwa simu zote za Barabara ya Jogoo.

Na ukiambiwa tena kwamba habari yako haina nguvu, mtajie Timotheo. Imani yake ilitoka kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike, Paulo ameiandika hivyo kwenye barua ya pili, sura ya kwanza, wala hakumwuliza shimo liko wapi. Msichana aliyelelewa na shangazi, akaimba kwaya miaka yote hiyo halafu siku moja akaamua mwenyewe kwamba anayemwimba anamwamini: siku hiyo ilikuwaje? Ulikuwa wapi? Ulikuwa umevaa nini, unafanya nini na mikono yako? Andika hiyo. Umeandika swali refu kabisa na siku hiyo hukuitaja hata mara moja, na mimi ndiyo niliyotaka kuisoma.

Foleni imesogea, nipo mlangoni. Nguo: rangi nzito, suruali ndani ya gauni, na ubebe soksi za kubadili. Kulikuwa na maswali mengine, lakini kondakta ananiita na simu iko mkononi karibu na dirisha, na kati ya watu wote mimi ndiye ninayepaswa kujua. Msomee shangazi.