Siku za Ukata Mwaloni: Kushika Imani Bila Kanisa Kugawanyika

Makanisa ya ukanda wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kagunga hadi Kalya, yanaijua dhiki inayokuja kwa kalenda. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inabaki ufukweni kwa sababu taa haziwezi kuvuta dagaa kukiwa na mwanga juu ya maji, na ukiangalia sinia la sadaka Jumapili hiyo utajua mwezi umejaa hata kama hukutazama juu. Ipo na dhiki ndefu. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazopakana na ziwa. Miaka hiyohiyo maji yalipanda yakafunika sehemu za mialo, yaani fukwe ambako mitumbwi hushusha samaki, na nyumba za watu.

Vipindi kama hivyo ndivyo vinavyoonyesha kanisa limeshikana kwa kitu gani. Waumini wengi wanaweza kuvumilia njaa pamoja. Kinachowashinda ni namna debe la unga lilivyogawiwa, maneno yaliyosemwa jioni baada ya kugawiwa, na mtu aliyekaa wiki tatu haji ibadani bila yeyote kugonga mlango wake. Haya yote yanaweza kupangwa mapema, kabla ukata haujafika.

Anzeni na daftari. Kaunta buku moja kwa kila jumuiya au seli ya kaya nane hadi kumi. Zikizidi hapo, mtu mmoja hawezi kuzitembelea zote kwa wiki. Andikeni kila kaya ina watu wangapi, nani mjamzito, nani anakunywa dawa za kila siku, nani analea wajukuu peke yake, na riziki ya nyumba inatoka wapi. Hapo kwenye riziki ndipo wengi hukosea. Ziwa likifungwa, macho yote huenda kwa wavuvi, wakati anayeumia mapema zaidi ni mama anayeanika dagaa kwa ujira wa siku, mpakia mizigo, mama lishe wa mwaloni na kijana fundi wa injini. Mwenye chombo anaweza kuwa na ng'ombe au shamba la michikichi. Mwanika dagaa hana akiba ya kesho.

Kisha fanyeni hesabu kwa kilo, msifanye kwa huruma. Kaya ya watu sita, wazazi wawili na watoto wanne, hutumia unga wa kilo mbili hivi kwa siku na maharage nusu kilo. Kwa wiki ni unga kilo 14 na maharage kilo tatu na nusu. Tuseme usharika una kaya 80 na kumi kati yake hazina kitu kabisa: mnahitaji unga kilo 140 kila wiki. Kaya 70 zilizobaki zikitoa kilo mbili kila moja, mmefika. Lakini katika mwezi wa kufungwa ziwa msitegemee 70. Tegemeeni 40, maana hao wengine nao wanajikokota. Arobaini zikitoa kilo mbilimbili mna kilo 80, ambazo hazitoshi hata kaya sita kwa kipimo kamili. Ni bora kamati ijue hivyo mapema na kuamua, mathalani, kwamba kaya zenye wagonjwa, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano zitapata kipimo kamili na nyingine nusu. Ahadi ya "tutawahudumia wote" isiyo na hesabu nyuma yake ndiyo mama wa manung'uniko.

Chakula cha akiba kina taabu zake. Mahindi yasiyokauka sawasawa yataota ukungu, na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, kuyapika hakuiondoi. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni mahindi hadi robo yake na vijiko viwili vya chumvi kavu, funikeni na kutikisa vizuri. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, rudisheni mahindi juani. Yakiwa tayari, yafungeni kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, au dumuzi atayala kabla ya wajane. Magunia yakae juu ya chaga, yasiguse ukuta. Mhifadhi asiwe na undugu na mweka hazina.

Kwa fedha tumieni utaratibu ambao wanachama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, wanaujua: sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, funguo kwa watu wa nyumba tofauti, watu watatu kuhesabu mbele ya macho ya waumini, na jumla kusomwa ibadani Jumapili hiyohiyo. Michango ya simu isiingie kwenye namba binafsi ya mchungaji, hata awe mtakatifu kiasi gani. Paulo alipopeleka msaada Yerusalemu alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na sababu ameieleza mwenyewe katika 2 Wakorintho 8:20-21: asilaumiwe mtu kuhusu fedha hizo. Kama mtume alijilinda hivyo, mzee wa kanisa wa Kibirizi hana cha kukasirikia akiombwa stakabadhi.

Someni jumla ya vilivyotoka, msisome majina ya waliopewa. Mizigo ipelekwe nyumbani jioni, kwenye mifuko inayofanana. Picha za mjane akipokea unga huku viongozi wamejipanga nyuma yake, zikirushwa kwenye kundi la WhatsApp, huwafanya wahitaji wa mwezi ujao wajifiche. Kuna watu watalala na njaa kuliko kuonekana hivyo, na si kiburi.

Kamati igusane na kila upande wa usharika. Kwenye mialo yetu unakuta Waha, Wabembe, Wamanyema, Warundi na wengine kwenye benchi moja, na wakati wa neema hakuna anayehesabu. Wakati wa ukata watu huanza kuhesabu. Matendo 6 inatoa dawa yake: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, wale saba waliochaguliwa, Stefano na wenzake, wote wana majina ya Kiyunani. Inaelekea kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande uliolalamika. Wenyeviti wetu wengi hufanya kinyume, wanawaweka walalamikaji mbali na ghala. Matangazo nayo yatolewe kwa Kiswahili na Kiha, bibi asije akakosa zamu yake kwa lugha.

Jambo ambalo halitumiwi vya kutosha ni ushirika kati ya ziwani na nyanda za juu. Wakati mwaloni pamekauka, Mei hadi Agosti, Kasulu, Buhigwe na Kibondo ndio wametoka kuvuna mahindi na bei iko chini. Mvua zikianza na maghala ya huko yakipungua, Desemba hadi Februari, ziwani huwa kuna dagaa. Usharika mmoja wa mwaloni ukifungamana na mmoja wa milimani, gunia zikateremka Juni na dagaa wakavu wakapanda Januari, hakuna anayebaki mpokeaji wa kudumu. Ni fikra ileile ya 2 Wakorintho 8:14, wingi wa huyu kufidia upungufu wa yule, kisha zamu igeuke. Andikeni makubaliano kwa kilo, na kubalianeni nani analipa nauli ya mizigo. Nauli isiyopangwa imeua mipango mizuri mingi.

Kuhusu fungu la kumi tuseme wazi: pasipo pato hakuna fungu la kutolewa. Kuwasomea watu ahadi zao za ujenzi hadharani katika mwezi wa ziwa kufungwa ni kuwafukuza. Kusanyeni madeni ya ahadi baadaye, au yafuteni. Na mchungaji au mwinjilisti anayeishi kwa sadaka aingizwe kwenye daftari kama kaya nyingine, waziwazi, kwa kilo zinazojulikana. Asipoingizwa atakopa kwa siri kwa muumini mwenye uwezo, na tangu siku hiyo muumini huyo hatakemewa kwa lolote.

Sasa vishawishi, kwa sababu ukata hujaribu zaidi ya tumbo. Mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu ndiyo inayovunja nyumba nyingi. Mtu anachukua laki moja, baada ya wiki chache friji au injini imebebwa, na mke hakuambiwa. Fundisheni mapema kwamba hakuna kuweka rehani chombo cha kazi, na mfuko wa kanisa uwe na kiasi kidogo cha dharura kisicho na riba, hasa cha dawa na nauli ya hospitali. Yuko na mganga anayeahidi dawa ya kuvuta samaki, na yuko ndugu yake, mhubiri anayevaa suti, anayetaka upande mbegu ya shilingi zako za mwisho ili muujiza uje. Mkristo anayemkwepa wa kwanza akaangukia kwa wa pili hajaenda mbali. Wapo pia wanaoingia ziwani usiku na nyavu zilizokatazwa. Kanisa likipokea sadaka ya samaki hao kimyakimya, limenyamazishwa.

Ndoa zinahitaji uangalizi wa pekee. Wanaume huhamia madago, yaani kambi za uvuvi, ya mbali au huenda kutafuta vibarua, na mke hubaki na watoto na simu isiyo na salio. Kabla ya kuondoka, wanandoa wakubaliane mambo matatu: siku ya kupigiana simu, kiasi na njia ya kutuma fedha, na mwisho wa safari. Viongozi wa jumuiya wamtembelee anayebaki wakiwa wawili, mmoja mwanamke. Kwa upande mwingine, mchuuzi anayeambiwa atapewa dagaa kwa mkopo ikiwa atakubali jambo lisilofaa asiachwe apambane peke yake. Akina mama wakinunua kwa kundi, mwenye dagaa hapati nafasi ya kumnong'oneza mmoja.

Ugomvi utatokea tu. Utaratibu wa Mathayo 18:15-17 unajulikana na karibu kila mtu, na karibu kila mtu huuanza mwisho, kwa kupeleka jambo kwa mchungaji au kwenye kundi la simu. Nenda mwenyewe, mchana, ana kwa ana, kabla wiki haijaisha. Taja jambo moja lililotendeka: "Jumatano ulisema mbele ya kwaya kwamba nimeficha unga." Usitaje tabia yake, wala ya mama yake, wala ya mwaka juzi. Sikiliza mpaka amalize. Mithali 18:13 inamwita mpumbavu anayejibu kabla ya kusikia. Ikishindikana, chukua mmoja au wawili ambao nyote mnawaamini. Ukimchukua rafiki yako, umepeleka wakili. Walioamua waandike kwa mstari mmoja kilichokubaliwa, na habari iishie hapo.

Utaratibu huo una mipaka. Kipigo, ubakaji, au mtoto kuguswa vibaya si ugomvi wa ndugu wawili. Mpelekeni aliyeumizwa hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo, bila kikao cha wazee kwanza. Umoja unaolindwa kwa kumficha mkosaji huwa umeshavunjwa kwa yule mtoto.

Ibada zenyewe msiziongeze sana. Wenye njaa hawahitaji mikesha minne kwa wiki, na kufunga kwa lazima kusimguse mjamzito, anayenyonyesha wala mwenye kisukari. Maombi ya nyumbani ya dakika 40 kwa zamu yanatosha, bila chai. Chai ikiwa desturi, maskini atakataa zamu. Someni Zaburi 13 na 88 jinsi zilivyo. Ile ya 88 inaishia gizani, na ndiyo inayompa nafasi aliyezama kwenye huzuni asijione mkosefu wa imani. Mkimtembelea, kumbukeni rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walianza kuharibu walipoanza kumtafutia dhambi.

Msaada usiishie kwa walioandikishwa kanisani. Ujiji na vijiji vingi vya ziwani majirani wetu wengi ni Waislamu, tunazikana na tunachotea maji bomba moja. Tengeni sehemu kidogo ya ghala, hata moja ya kumi, kwa jirani asiye wa kwenu, na msimpe pamoja na kipeperushi.

Ziwa likifunguliwa, msikimbilie kudai. Giza la kwanza, yaani kipindi cha kwanza cha kuvua usiku usio na mbalamwezi, wavuvi hulipia mafuta, nyavu na madeni ya duka. Subirini giza la pili ndipo mwanze kurudisha ghala, kwa kipimo kidogo ambacho kila kaya itakiweza. Waliopewa chakula wasiandikwe kama wadaiwa. Kisha iteni kikao kimoja, someni kilichoingia na kilichotoka mpaka kilo ya mwisho, ruhusuni maswali hata yale ya kuudhi, na funguo za sanduku zipewe watu wengine.