Udhanaishi si Matanga

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: "Je, udhanaishi ni falsafa ya kukata tamaa?" Ndiyo ile falsafa inayoanzia kwenye kuwepo kwa mtu na uhuru wake wa kuchagua. Nabashiri wengi watajibu ndiyo. Watamtaja Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, msomi wa chuo kikuu aliyeishia kujiua. Wataongeza mistari miwili mitatu juu ya maisha yasiyo na maana, kisha wataweka kalamu chini. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Morogoro, na jibu hilo nimelisikia sana, hata kwa walimu wenzangu waliosoma udhanaishi chuoni kama nadharia ya uhakiki. Langu ni hapana. Tatizo ni kwamba tunapewa nusu ya pili ya habari hii bila nusu ya kwanza. Udhanaishi wa karne ya 20 ulikulia mikononi mwa fenomenolojia, na kazi ya fenomenolojia ni kutazama. Ukiondoa kule kutazama, kinachobaki kweli kinafanana na matanga.

Swali lenyewe lina umri. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1945, miezi michache baada ya vita kumalizika Ulaya, mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre alisimama katika ukumbi mmoja wa Paris kulijibu. Watu walifurika, wakasukumana. Wakomunisti walikuwa wakimshutumu kwamba anawafundisha watu kukunja mikono. Wakatoliki nao walisema haoni chochote kwa binadamu ila uchafu, na mkosoaji mmoja alilalamika kuwa amesahau tabasamu la mtoto mchanga. Sartre akawajibu hoja kwa hoja, na mwaka uliofuata hotuba ikachapishwa. Ni fupi, unaimaliza jioni moja. Ila alikuwa na haraka ya kujitetea, kwa hiyo aliwapa wasikilizaji alikofika bila kuwaonyesha alikopita. Wakaondoka na misemo. "Mtu huwepo kwanza, ndipo awe kitu." "Mtu amehukumiwa kuwa huru." Misemo mizuri ya kuandika kwenye fulana.

Njia yenyewe inaanzia kwa Edmund Husserl, aliyezaliwa mwaka 1859 huko Prossnitz, mji ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Alikuwa mwanahisabati. Alipofika Vienna akamsikiliza Franz Brentano, padri aliyeacha upadri, akifundisha kwamba fahamu daima inaelekea kwenye kitu: hukumbuki hivi hivi, unakumbuka jambo, hutumaini hivi hivi, unatumaini jambo. Husserl akaijenga hoja hiyo kwa miaka mingi. Kitabu kilichompa jina kilitoka kwa juzuu mbili, mwaka 1900 na 1901, na wito wake ukawa kurudi kwenye mambo yenyewe. Hakumaanisha tuache sayansi. Alimaanisha kwamba kabla hujaniambia kitu kimesababishwa na nini, uniambie kwanza kinajitokezaje kwa mtu anayekutana nacho. Maelezo tuliyoyazoea, ya daktari, ya mchumi, ya mhubiri, yanawekwa kando kwa muda. Hayakanushwi, yanaambiwa yasubiri.

Ni rahisi kusema, ni kazi kufanya. Kidato cha tano huwa nawapa zoezi: elezeni dakika kumi za kusubiri daladala bila kutumia maneno "kwa sababu". Wengi hukwama sentensi ya pili. Wanaandika kwamba magari ni machache, kwamba asubuhi abiria ni wengi, kwamba dereva hataki kuondoka gari halijajaa. Yote kweli, lakini hiyo ni habari ya usafiri, si ya kusubiri. Msichana mmoja akaandika tofauti. Alisema akisimama kituoni barabara inabaki na upande mmoja. Upande gari linakotokea unarefuka, na kila cheupe kinachochomoza kwa mbali ni Hiace mpaka kionekane kuwa siyo. Upande wa pili haupo. Mama anakaanga mihogo pale pale, watu wanapishana, rafiki yake anamwita mara mbili, naye hana habari. Gari la njia nyingine likipita, akaandika, anajisikia kama amedhulumiwa, wakati dereva wa watu hajamfanya lolote. Nikamwambia: mwanangu, hii ndiyo fenomenolojia, wala hukuhitaji Kijerumani.

Kwa kipimo cha mhandisi barabara ina pande mbili, na pande hizo ni sawa. Kwa anayesubiri haziko sawa hata kidogo. Na asiniambie mtu kwamba hayo ni "hisia tu", kwamba barabara ya kweli ni ile ya mhandisi. Mhandisi naye, kabla hajashika kipimo, amesimama kwenye barabara inayokwenda mahali. Wakati nao uko hivyo hivyo. Mwaka 1905, akiwa Göttingen, Husserl alifundisha juu ya wakati, na mfano wake ulikuwa wimbo. Kama kila sauti ingefutika kabisa inapopita, tusingesikia wimbo, tungesikia mlio mmoja mmoja. Sauti iliyopita inabaki imeshikiliwa kidogo, na inayokuja imekwisha kutarajiwa, kwa hiyo hii tunayoiita "sasa" ina unene. Anayesubiri gari anaishi karibu yote katika ule upande wa kinachokuja.

Martin Heidegger, mwanafalsafa Mjerumani aliyekuwa msaidizi wa Husserl kule Freiburg, aliichukua kazi hiyo akaielekeza kwenye swali la kuwepo kwenyewe. Katika mihadhara ya majira ya baridi ya 1929 hadi 1930 alimweleza kwa urefu mtu aliyekwama kwenye stesheni ndogo ya shamba, treni yake ikiwa imebakiza saa nne. Anasoma ratiba. Anatazama saa. Anakwenda barabarani kuhesabu miti, anatazama saa tena, anakaa chini na kuchora maumbo mchangani. Stesheni kazi yake ni kutupa treni, na haitupi. Basi kila kilichopo hapo kinakuwa kitupu, hakina la kutuambia. Halafu Heidegger anashuka chini zaidi. Kuna kuchoshwa ambako kisa chake si treni ambayo haijafika, bali mtu haoni tena anachokisubiri. Hapo shughuli zote zilizokuwa zikimfunika zinanyamaza, na anabaki uso kwa uso na ukweli kwamba maisha haya ni yake, si ya mwingine. Katika kitabu chake kikubwa cha 1927 alisema jambo la aina hiyo juu ya hofu isiyo na kitu maalumu inachokiogopa, na juu ya kifo, ambacho hakuna atakayekufa badala yangu.

Nikimtaja Heidegger siwezi kunyamazia hili. Mwaka 1933 alijiunga na chama cha Wanazi na kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, wakati mwalimu wake Husserl, mwenye asili ya Kiyahudi, alikuwa akifungiwa milango. Kitabu cha 1927 alikuwa amemtunukia Husserl. Toleo la 1941 lilitoka bila tabaruku hiyo. Husserl alifariki 1938, na aliyeokoa maandishi yake, kurasa kama 40,000 za hati mkato, alikuwa mtawa Mfransisko kutoka Ubelgiji, Herman Van Breda, aliyeyahamishia Leuven. Mtu aliyetuonya juu ya kufuata mkumbo wa "watu wanasema" alifuata mkumbo mbaya kuliko yote. Bado namsoma, lakini simsomi kwa heshima ninayompa Husserl.

Sartre alifikiwa na habari za fenomenolojia akiwa baa. Mwandishi Simone de Beauvoir, mwenzi wake, amesimulia jinsi rafiki yao Raymond Aron, aliyekuwa amerudi Paris kutoka Berlin, alivyokielekeza kidole kinywaji cha aprikoti mezani na kumwambia Sartre kwamba angekuwa mwanafenomenolojia angeweza kukifanyia falsafa kinywaji hicho. Sartre alipauka, anasema de Beauvoir, kwa msisimko. Mwaka 1933 akafunga safari kwenda Berlin kusoma.

Matunda yake yalionekana 1943, katika kitabu kinene ambacho sehemu yake bora, kwa maoni yangu, ni kurasa chache juu ya mtu kuingia mkahawani. Nina miadi na Pierre saa kumi, anasimulia Sartre. Nimechelewa robo saa, naye hupenda kufika kwa wakati. Naingia, natupa macho. Kila uso unajitokeza, nauangalia, kisha unazama tena: si yeye. Meza, moshi, wateja, vyote vinakuwa mandhari ya mtu ambaye hayupo. Wasiokuwepo pale ni wengi, hata mfalme wa nchi ya mbali hayupo, lakini kutokuwepo kwa huyo ni maneno tu. Kutokuwepo kwa Pierre kunaonekana.

Hapo ndipo Sartre alipouchimbua uhuru. Kwenye mkahawa wenyewe hakuna "siyo". Kuna viti, watu na vikombe. "Siyo" imeingia pamoja na mtu aliyekuja kutafuta. Na kama fahamu inaweza kuviambia vilivyopo kwamba sivyo, basi haijafungwa navyo, na hata hiki nilicho leo naweza kukiambia sivyo. Kwa hiyo anayesema "ndivyo nilivyo, nitafanyaje?" anajidanganya, na kwa mbali anajua. Ukiupata uhuru kwa njia hii, hauji kama kauli ya jukwaani. Umeuona ukifanya kazi kwenye jambo dogo la mtu kumkosa rafiki.

Sasa kuhusu kukata tamaa. Neno hilo Sartre alilitumia mwenyewe katika hotuba ya 1945, na hapo ndipo wengi wanapomkamata. Lakini sikilizeni alivyolieleza: kukata tamaa ni kutegemea yale tu yaliyo ndani ya uwezo wa utashi wetu, pamoja na yale yanayowezekana na kuhusika na tendo letu. Mfano wake ni wa mtu anayemngoja rafiki. Rafiki anakuja kwa treni au kwa tramu. Nategemea treni itafika kwa wakati, tramu haitaacha reli. Naendelea kungoja. Ninachokiacha ni kule kudhani kwamba dunia imepangwa ili kunifikishia mgeni wangu. Hiyo kwangu si huzuni. Ni kama anavyoishi kila mkulima mwenye akili.

Katika hotuba hiyo pia alimtaja kijana aliyemwendea wakati wa vita. Kaka yake aliuawa katika mashambulizi ya Wajerumani ya 1940, na mama alibaki na yeye tu. Aende Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa Huru, au abaki na mama? Sartre akamwambia: uko huru, chagua. Jibu hilo mimi huniudhi. Mtoto amekuja kwa mkubwa wake, naye anarudishiwa swali lake mkononi. Ninachokubali ni kwamba kijana huyo hakuwa na mtu wa kumbebea uamuzi, maana hata mshauri unayemwendea umekwisha kumchagua, na karibu unajua atakwambia nini.

Waliomrekebisha Sartre walitoka ndani ya falsafa hiyo hiyo. Mfaransa mwenzake Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu chake cha 1945, alionyesha kwamba hatuna mwili kama tunavyokuwa na mkoba: fimbo ya kipofu, akishaizoea, haiko tena mkononi mwake, anaigusia dunia kwa ncha yake. Frantz Fanon wa Martinique, aliyesomea udaktari Lyon na kuhudhuria mihadhara ya Merleau-Ponty, akauliza mwili huo ni wa nani. Katika kitabu chake cha 1952 kuna mtoto mzungu ndani ya treni anayemwonyesha mama yake kidole: tazama, Mweusi, naogopa! Kwa sentensi hiyo Fanon anarudishiwa mwili wake umevunjikavunjika, umeshatafsiriwa na wengine kabla hajaukalia. De Beauvoir naye mwaka 1949 aliandika kwamba mtu hazaliwi mwanamke, huwa mwanamke. Hawakuukana uhuru. Walionyesha kwamba unaishi mahali, ndani ya ngozi fulani, na kwamba wako watu ambao nafasi yao ya kuchagua imebanwa na wenzao makusudi. Anayesema udhanaishi ni anasa ya wanywa kahawa wa Paris aanzie kwa Fanon. Na anayesema ni ukafiri mtupu amtafute Søren Kierkegaard, Mkristo wa Copenhagen aliyefariki 1855, ambaye kitabu chake cha 1843 kinahusu Ibrahimu akimpeleka mwanawe kumchinja.

Namrudia Kazimoto, maana najua nitabanwa naye. Kujiua kwake si hitimisho la falsafa hii. Mwandishi Mfaransa Albert Camus, ambaye hata jina la mdhanaishi alilikataa, aliliweka swali la kujiua ukurasa wa kwanza wa insha yake ya 1942, na jibu lake lilikuwa hapana. Kazimoto ninavyomsoma ni mtu wa hoja nyingi anayeshindwa kukaa mbele ya kilicho mbele yake: mke, wazazi, kijiji alichokirudia, nacho hakimtambui tena. Kila anachokutana nacho amekwisha kukipa maelezo kabla hakijamfikia. Wengine watamsoma vingine, na riwaya inawaruhusu.

Mwandishi wake, kijana wa Ukerewe, hakuishia pale. Mwaka 1985 alimaliza shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na Heidegger ni mmoja wa watu anaojadiliana nao humo. Kisha zikaja Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, ambazo wanafunzi wangu huzilalamikia kwa ugumu, na safari nzima ndani yake ni ya mtu anayetafuta. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Wasomaji wenzangu wanaomhukumu kwa Kichwamaji peke yake nawaomba, kabla hawajatuma jibu la wiki ijayo, wazisome hizo mbili.