Piga kofi kwanza, kisha rekodi

Swali la wiki lilikuwa: video za mtandaoni ni sanaa, au ni kelele za siasa tu? Huku Lamu sauti ndiyo inayojibu, kabla ya picha. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza, lakini upepo ukimeza maneno hamalizi hata sekunde tano. Na video isiyosikika haiwi shairi wala ushahidi.

Msimu wa kusi, ukirekodi gatini na simu mkononi, utaambulia mngurumo mtupu. Msemaji aupe upepo kisogo, na simu ya pili ikae mfuko wa kifuani ikirekodi sauti peke yake. Kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Ukihariri, oanisha mlio huo na picha ya viganja vinapokutana. Rudia kila baada ya dakika tano hivi. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi moja ya picha, kwa hiyo katika rekodi ndefu midomo huanza kuachana na maneno.

Vichochoro vyetu vyembamba, kuta za chokaa zinang'aa. Kamera ikijipimia yenyewe, uso wa mtu unakuwa kivuli. Mketishe mzee kwenye baraza ya daka, ukumbi wa mlangoni, atazame njia, kisha bonyeza kidole juu ya uso wake kiooni mpaka kipimo cha mwanga kifungwe. Usiku, picha ikicheza michirizi chini ya taa, weka shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha) 1/50 au 1/100 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50. Kamera ya bei kubwa ya nini?

Sanaa yenyewe tunayo siku nyingi. Beti nne za utenzi, mizani 8 kila mshororo, zikisomwa bila haraka hujaza kama dakika moja, kipimo ambacho simu inakipenda. Wengi hukosea kwa kukata picha kila mshororo, jicho likachoka. Kina cha mshororo wa nne ndicho kinachorudi toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kata hapo.

Kwenye siasa, Juni 2024 vijana waliueleza Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwa video fupi, na tarehe 26 Rais William Ruto akatangaza hatautia saini (barabara nazo zilikuwa zimejaa, tusiipe simu sifa zote). Hapa kwetu, mwaka 2019 jopo la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe, sababu moja ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Basi nani aliuliza nini barazani, na akajibiwa nini, ni jambo la sheria. Rekodi kikao chote bila kukata, uanze na sekunde kumi za picha pana inayoonyesha mahali na watu.

Faili la asili usiliguse. WhatsApp huibana video, na taarifa za saa na mahali hupotea. Itume kama dokumenti, nakala nyingine ibaki kwenye kadi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika. Simu ikishauzwa, na video imebaki kwenye kundi tu, wakili atahangaika.

Video ya zamani ikirushwa kama ya leo, tazama maji. Ukiambiwa ni saa nne asubuhi, siku za mwezi mpevu, na mashua zinaelea hadi kwenye ngazi za gati, hiyo si ya leo. Siku hizo ni bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na saa nne yamekupwa.