Maswali ya Wasomaji: Kalamu Nyekundu Imeimeza Kalamu Yangu

SWALI: Ndugu Mshauri, ninasoma mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika uandishi wa kubuni. Ili nisamehewe ada, ninafundisha madarasa mawili ya utungaji kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na pia ni mhariri msaidizi wa hadithi fupi katika jarida la idara yetu. Mkusanyiko wa hadithi ninaopaswa kuukabidhi kama tasnifu umekwama kwenye hadithi ya nne tangu muhula uanze. Usiku nikikaa kuandika, sentensi ya kwanza naikata, naiandika upya, naikata tena, hadi usingizi unanichukua. Wenzangu wananishauri nijipangie ratiba. Ratiba ninayo, tena ya rangi tatu. Nifanyeje?

JIBU: Sina shaka kwamba ratiba hiyo inapendeza, lakini imezihesabu kazi zako tatu kana kwamba zote zinakudai kwa sauti moja. Wanafunzi wanangoja alama, mhariri mkuu anangoja maoni yako, na wote hao wanajua kukukumbusha. Hadithi yako haina anayeingoja. Ukiinyima saa yake leo hailalamiki, na kesho vilevile, ndiyo maana kila muda unapopungua ni yake inayokatwa. Kwa hiyo, kabla hujagusa tena ratiba, itafutie hadithi mdai. Mwombe msimamizi wako akupangie tarehe za kupokea kurasa kumi kila baada ya wiki tatu, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba atazipokea hata zikiwa mbichi.

Kuhusu kukatakata sentensi usiku, hapo sioni uvivu wala ukosefu wa kipaji. Umeshinda kutwa ukitafuta makosa ya watu, halafu unataka jicho lilelile, kwa sababu tu jua limetua, livumilie sentensi zako mbovu. Rasimu ya kwanza haiandikiki bila uvumilivu huo. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alipokuwa mhariri katika shirika la uchapishaji la Random House huku akilea watoto wawili, alizoea kuandika kabla ya mapambazuko. Mwanzoni alifanya hivyo kwa kuwa ndio muda pekee aliokuwa nao kabla watoto hawajaamka, lakini baadaye akaona kwamba asubuhi ndipo akili yake ilipokuwa angavu zaidi. Sikulazimishi kuamka alfajiri, maana wapo watu ambao saa hiyo hata majina yao hawayakumbuki vizuri. Ninachosisitiza ni mfuatano: kuandika kutangulie kusahihisha, hata kama ni kwa dakika arobaini tu, na barua pepe zisifunguliwe kabla ya dakika hizo kwisha.

Sasa nije kwenye kufundisha, ambako nadhani ndiko saa zako nyingi zinakopotelea. Wahariri wanaofundisha wana tabia moja inayowagharimu sana, nayo ni kuhariri kazi za wanafunzi badala ya kuzifundishia. Chukua sentensi kama hii: “Mama aliingia akiwa na huzuni nyingi sana moyoni mwake.” Mhariri ataifuta “nyingi sana”, ataifuta “moyoni mwake”, ataweka kitenzi chenye nguvu zaidi, kisha atahamia sentensi inayofuata, na kurasa tano zitamla saa nzima. Wiki mbili baadaye mwanafunzi atarudisha hadithi ileile, makosa yote yakiwa yamerekebishwa kama ulivyoagiza, na yule mama bado hatumwoni. Mwalimu angeandika swali moja pembeni: “Umeijuaje huzuni yake? Alikuwa ameshika nini?” Swali hilo linachukua nusu dakika, na linamwachia mwanafunzi kazi ambayo ni yake tangu awali. Kwa kila zoezi, watangazie mapema jambo moja au mawili utakayoyatazama, kwa mfano mazungumzo ya wahusika au mahali hadithi inapoanzia, na mengine uyapite. Mara ya kwanza mkono utakuwasha ukiiona koma iliyokaa vibaya. Iache.

Pamoja na hayo, kwa wiki mbili andika kila saa unayoitumia kwa ajili ya madarasa, ukijumuisha maandalizi na wanafunzi wanaokusimamisha kwenye ujia. Katika vyuo vingi vya Marekani, mkataba wa mwanafunzi anayefundisha huwekewa wastani wa saa 20 kwa wiki, na huenda wako una kikomo cha namna hiyo. Ukikuta umezidisha mno licha ya kupunguza kusahihisha, shida si nidhamu yako, na karatasi hiyo ya saa uipeleke kwa mratibu wa programu badala ya kuja nayo kwangu.

Jarida litengee siku moja kwa wiki, na miswada ya siku nyingine isubiri siku hiyo.

SWALI: Nimesoma barua ya mwenzangu kabla haijachapwa, kwa kuwa tunakaa chumba kimoja. Mimi nimeamua kuacha kabisa uhariri wa jarida, kwa sababu naona kusoma hadithi mbovu kila wiki kunaniharibia lugha. Je, nimekosea?

JIBU: Kama unaacha kwa kukosa muda, hujakosea hata kidogo. Sababu uliyoitoa ndiyo sikubaliani nayo. Chinua Achebe, mwandishi wa riwaya wa Nigeria, alikuwa mhariri mshauri wa African Writers Series, mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Kiafrika, kwa miaka kumi kuanzia 1962, na ndani ya muda huo alichapisha riwaya mbili, moja mwaka 1964 na nyingine 1966, wala sijasikia mtu akidai kwamba lugha yake iliharibika. Hadithi dhaifu ina faida ambayo hadithi bora haikupi, kwa sababu viungo vyake vinaonekana. Ukisoma miswada ishirini utaona ni mingapi inayoanza kwa mtu anayeamka kitandani, na ni mara ngapi hadithi yenyewe inaanzia ukurasa wa tatu. Kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu, fungua rasimu yako ya mwisho uutazame ukurasa wake wa tatu.